Kisanduku Kilichohesabu Mwendo Wangu

Nilianguka kazini saa nne asubuhi, nikiwa na kisu mkononi. Ilikuwa miaka ya tisini, viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa kimoja baada ya kingine kando ya ziwa hapa Mwanza, na mimi nilikuwa nimeacha kuuza nyanya sokoni ili nikachune samaki kiwandani. Sakafu yetu haikukauka hata siku moja. Ilikuwa maji, barafu na mafuta ya samaki kutwa nzima, na buti langu la kulia lilikuwa limeisha soli. Nakumbuka nilikitupa kisu mbali nisije nikamchoma mwenzangu. Baada ya hapo sikumbuki kitu mpaka nilipoona watu wameniinamia. Waliniambia kisogo changu kilikuwa kimegonga ukingo wa meza ya chuma.

Msimamizi wetu, mwanaume mrefu mwenye tabia ya kuongea na mtu huku akitazama saa yake, aliniuliza kama naweza kusimama. Nikasimama, kisha nikatapikia aproni yangu.

"Nenda nyumbani," akasema. "Kesho uje."

Kesho yake sikwenda. Mwanga wa mlangoni ulikuwa unanichoma macho, na kitanda kilikuwa kama mtumbwi. Nilikuwa naishi na mdogo wangu wa kike, tumepanga chumba kimoja juu ya mawe ya Igogo, yeye akitembeza dagaa nyumba kwa nyumba. Asubuhi ile nilimwuliza mara tatu kama ameshanywa chai. Mara ya tatu akaweka beseni lake chini, akanishika mkono, akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana wa Kihaya aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Alinimulika machoni, akanitembeza juu ya mstari, akaniambia fuvu halijavunjika ila ubongo umetikisika. Dawa yake ni kupumzika, kisha kurudia kazi kidogo kidogo. Halafu akaandika karatasi, akatoka nayo nje kidogo, akarudi ameshika kisanduku cheusi kinachokaribia ukubwa wa kiberiti, kimeshonewa kwenye mkanda.

"Hiki utakivaa kiunoni toka unapoamka mpaka unapolala," akasema. "Ndani kuna kitu kinachohisi mwendo. Ukitembea kinaandika, ukitulia kinaandika kwamba umetulia. Baada ya wiki nitakiunganisha na kompyuta nione siku zako zilikuwaje."

"Kwani nikikwambia mwenyewe haitoshi?"

"Mtu aliyegonga kichwa husahau. Na wengine hujikaza."

"Kinasikia maneno?"

Akacheka, akasema hapana. Kicheko chake hakikunituliza. Hata matapeli wa stendi hucheka.

Nilikivaa ndani ya kitenge, kisionekane. Tulipotoka kwenye baraza ya hospitali tukakutana uso kwa uso na msimamizi wangu, ana bahasha ya kaki mkononi. Akanipa pole. Kisha akanitazama kiunoni.

"Naona wamekupa," akasema, akaelekea kwenye gari la kiwanda.

Njia nzima nilimwuliza mdogo wangu: amejuaje? Kitenge kilikuwa kimefunika.

Jibu alikuwa nalo mama mwenye nyumba wetu, mjane aliyekuwa akishinda kwenye kigoda chake uani. Alikigeuza kisanduku huku na huku kama anayekagua yai viza. Akasema marehemu mumewe alipokuwa kwenye kiwanda cha pamba cha serikali, kabla hakijauzwa, walikuja vijana wenye saa za mkononi, wakasimama nyuma ya kila mfanyakazi wakipima anainua mikono mara ngapi. Walikuwa wapole, wakisalimia watu wazima shikamoo. Mwezi uliofuata ndipo barua za kupunguzwa kazi zikagawiwa.

"Wale angalau walisimama nyuma yako ukawaona," akaniambia. "Huyu wako wamekufunga naye."

Maneno yale yaliniingia. Sisi tulikuwa vibarua. Kila asubuhi pale getini walisimama wanawake wengine, buti zao wenyewe mkononi, wakingoja msimamizi aseme nani hakuja. Nikaanza kupiga hesabu kitandani. Nikilala kutwa, kisanduku kitasema huyu hafai tena, wachukue mwingine. Nikitembea, kitasema huyu anadanganya, mbona mzima. Kwa upande wowote kilikuwa kinanichongea. Nikaona bora kiseme mimi ni mzima kabisa, tena mchapakazi, nipate barua ya daktari nirudi kabla nafasi yangu haijapata mtu.

Nikamfunga mdogo wangu kile kisanduku kiunoni.

"Dada, sasa daktari atamtibu nani, mimi au wewe?"

"Vaa tu. Tembea kama unavyotembea siku zote."

Alikivaa siku sita. Alizunguka nacho Igogo yote, akapanda nacho mpaka Mabatini na kurudi, beseni kichwani. Mimi nilibaki chumbani na pazia limeshushwa. Siku moja nilijaribu kusonga ugali, nikaona sufuria mbili ambapo ilikuwepo moja, nikakaa chini na mwiko wangu mkononi mpaka aliporudi. Sikumwambia mtu. Niliogopa hata mama mwenye nyumba asije akawa anasema mahali.

Wiki ilipotimia nikakivaa tena mimi, tukaenda. Daktari alikichomeka kwa waya kwenye kompyuta, ikatokea mistari myeusi iliyosimama kama meno ya chanuo. Mwanzoni alifurahi. Akasema natembea kuliko hata yeye. Nami nikamdandia hapo hapo.

"Naendelea vizuri sana, daktari. Naomba barua nirudi kazini."

Alikuwa amesogeza uso karibu na kioo.

"Mbona unatembea kidogo, unasimama dakika mbili, unatembea tena, unasimama? Kutwa nzima hivyo hivyo. Kama mtu anayepiga hodi kila mlango."

Nilimsikia mdogo wangu akivuta pumzi nyuma yangu.

"Simama kwa mguu mmoja," daktari akasema. "Fumba macho."

Nikafumba. Chumba kikaondoka. Nilijikuta nimedakwa mabegani, miwani ya daktari iko sakafuni, na mdogo wangu analia.

"Nani alikivaa?" daktari akauliza.

Badala ya kumjibu nilimwuliza langu, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mtu wa koti jeupe.

"Na wewe niambie. Msimamizi wangu alifuata nini humu siku ile?"

Aliinuka akafunga mlango. Aliokota miwani yake, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha wagonjwa.

"Alileta fomu ya watu walioumia kazini," akasema. "Mmeanguka watatu pale kwenu, na wote mmekuja kwangu. Aliuliza nitajuaje nani anaumwa kweli. Nikamwonyesha kisanduku, nikamweleza nitakupa wewe kwanza. Hapo nilikosea. Sikupaswa."

"Na bahasha?"

"Ni fomu yako. Nimeandika uliumia kazini, upumzike wiki nne."

"Na haya ya kwenye kompyuta atayapata?"

"Hapana."

Nilimtazama machoni kwa muda mrefu. Hakuyakwepesha, lakini hilo si ushahidi. Akaendelea, sasa sauti imeshuka. Akasema kama asingeona zile dakika mbili mbili, angeniandikia barua siku ile. Ningerudi kwenye sakafu ile ile, nikaanguka mara ya pili kabla ubongo haujapoa, na mara ya pili huua watu. Nilikuwa nimejikalia barabarani mwenyewe nikingoja gari.

Nikampa sharti. Kila nikirudi, picha ya ile mistari ichapwe mbele yangu, karatasi niondoke nayo mimi, na kwenye kompyuta afute nikiona. Akasita. Akasema alikuwa anazihitaji kwa utafiti wake. Nikaanza kufungua mkanda nimrudishie. Akakubali.

Safari hii nilikivaa mwenyewe. Picha yangu ya kweli ilikuwa ya aibu, vijistari vifupi kama nyasi zilizoliwa na ng'ombe. Lakini ilinionyesha jambo ambalo kichwa changu kilikuwa kimelisahau. Siku niliyofua nguo asubuhi, mistari ilisimama mirefu, na siku mbili zilizofuata hapakuwa na kitu, maana nililala na maumivu. Daktari alinionyesha kwa kalamu. Tukapanga niongeze kidogo kila wiki, kwanza mpaka bombani, halafu mpaka ziwani na kurudi nikipumzika kwenye jiwe. Nilianza kusikia tena harufu ya chakula. Nikaacha kumwuliza mdogo wangu habari za chai.

Wiki ya tatu mdogo wangu alirudi na beseni bado limejaa. Msimamizi alikuwa amemsimamisha njiani.

"Amesema nikwambie wanajua kwamba unatembea."

Nilichukua karatasi zangu zote chini ya godoro, nikazihesabu. Hakuna iliyopungua. Nikaenda hospitali bila miadi, nikamkuta daktari anakula, nikamwambia. Aliapa kwa mama yake mzazi. Huenda msimamizi aliniona tu kule ziwani, njia ile inapita karibu na kiwanda. Huenda alikuwa anarusha jiwe gizani. Na huenda kulikuwa na mtu mwingine mwenye ufunguo wa chumba kile chenye kompyuta. Nilimwamini daktari nusu, na hiyo nusu ilinitosha kuendelea kwenda kwake.

Nilirudi kazini baada ya wiki saba. Pale kwenye meza ya visu alikuwa amesimama msichana mwingine. Nilimwonyesha msimamizi barua ya daktari, akaisoma mara mbili huku akitazama saa, akanipeleka kwenye chumba cha kupanga maboksi. Sakafu ya huko ilikuwa kavu. Nilifanya kazi huko miaka mitatu.

Mmoja wa wale wengine wawili walioanguka, mama wa watoto wanne, alikuwa amekataa kuvaa kisanduku chake tangu siku ya kwanza. Alimwambia daktari yeye ni mzima, akarudi kwenye visu siku ya tano. Akaanguka tena. Nilikwenda kumwona kwao Sengerema. Alinikaribisha vizuri, akamtuma binti yake alete kiti, maana mkono wake wa kushoto ulikuwa hauinuki. Aliniuliza kama kile kidude kilikuwa kinapeleka habari kiwandani. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa polepole, akasema hata yeye angekivaa angenijibu hivyo hivyo.