Profesa wa Saa Asiyetaka Kulinganishwa

Wasomaji wangu, profesa wetu wa fizikia amefariki, na tangu asubuhi tumeketi chini ya turubai la matanga tukiambiwa kwamba Kisangani imepoteza akili yake kubwa kuliko zote. Nimechoka kusikia. Nilimfahamu kwa miaka mingi na sikumpenda, na kifo chake hakijanibadilisha.

Sifa yake ilitokana na saa za atomu, zile zinazohesabu mapigo ya mwanga. Aliwahi kufanya kazi nazo ughaibuni kwa muda mfupi, ingawa muda huo ulirefuka kila alipousimulia. Jambo moja alilifundisha vizuri: saa ya namna hiyo haiwezi kujithibitisha yenyewe. Kwa kuwa hakuna saa bora zaidi ya kuipimia, hulinganishwa na nyingine ya kiwango chake, na tofauti yao huonyesha ziaminiwe kwa kiasi gani.

Kisha akaja mwanafunzi wake, binti wa wavuvi wa Yanonge. Tasnifu yake ililinganisha saa mbili za maabara za mbali, moja mlimani na nyingine bondeni, kwa kufuata hesabu za profesa. Saa iliyo mlimani huenda haraka kidogo kuliko iliyo bondeni, na ziada hiyo lazima iondolewe. Binti aligundua kwamba profesa alikuwa ameijumlisha badala ya kuiondoa. Siku ya utetezi, nami nikiwa miongoni mwa wageni, alilisema hilo kwa adabu, akaomba mtu mwingine azirudie hesabu.

"Bon," profesa akasema, "nani iko hapa Kisangani wa kunipima miye?"

Jopo zima likacheka. Binti akaangushwa, shahada ikampotea. Matokeo yalisomwa kwa Kifaransa, kisha, kama ilivyo desturi yetu, jopo likaketi kwenye meza aliyoiandaa mama wa binti: liboke ya samaki waliopikwa ndani ya majani, chikwange ya muhogo, bia baridi. Mama hakujua Kifaransa. Alimpakulia profesa mara ya pili huku akimshukuru, naye akala. Nimemdharau tangu siku hiyo.

Leo binti huyo, ambaye sasa anafundisha hesabu Bengamisa, alikuja matangani. Mjane akamletea sahani.

"Kula, mwanangu."

"Aksanti, mama. Pole sana. Lakini miye sitakula hapa."

Nyuma yao msemaji mmoja alikuwa akipendekeza ukumbi wa chuo upewe jina la marehemu. Mtu anayekataa kulinganishwa hajui kama yuko sahihi, na sisi tunaompigia makofi hatujui pia. Tasnifu bado iko chuoni, na aliyeizuia hayupo tena. Zirudieni hesabu za yule binti kwanza, ndipo mtafute rangi ya kuandikia jina.