Waya Chini ya Mguu wa Baba

Sina ugomvi na muziki. Nalisema hili mapema kwa sababu kwetu Magomeni ya Kilosa wapo wanaodai nachukia magari yenye spika, eti fundi wa kike hapendi kelele. Waongo hao. Nimefunga amplifaya nyingi hapa Kilosa, na ukinikuta gereji siku nimefurahi, mimi mwenyewe ndiye ninayeongeza sauti. Kinachonipandisha hasira ni waya uliofungwa na mtu mwenye haraka.

Mdogo wangu wa kiume ana haraka. Alikuwa na gari dogo la kukodisha, anapeleka watu Mikumi na kurudi, na siku moja akaja nalo gereji likiwa limejaa maboksi: amplifaya kubwa, spika mbili za besi, na furushi la waya mwekundu, mnene kama kidole.

"Dada, nifungie leo leo. Abiria siku hizi hawapandi gari bubu."

Nikaukata ule waya ncha. Jamani, plastiki tupu! Ndani mlikuwa na nyuzi chache nyembamba, na hata hiyo shaba yenyewe ilikuwa rangi tu. Nikamwambia asubiri niagize waya wa kweli kutoka Morogoro. Nikamweleza kama ninavyomweleza mteja yeyote. Amplifaya kubwa inavuta umeme mwingi moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa hiyo waya ukiwa na shaba kidogo unachemka. Fyuzi inakaa palepale karibu na betri, ili waya ukichubuka na kugusa bodi, fyuzi ikatike kabla gari halijashika moto. Unapopita kwenye tundu la bati, waya unavalishwa raba. Wa hasi unafungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Na kabla hujagusa chochote, unachomoa hasi ya betri.

"Dada, unanifundisha au unanifungia?"

"Nakufundisha, wewe mwenye kichwa kigumu, kwa sababu humo anapanda baba!"

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Baba alikuwa amepata kiharusi. Upande wote wa kulia ulilala, na maneno yakamtoka. Akitaka kitu anaguna tu, anakukazia macho mpaka unaona aibu kwa kutomwelewa. Mara mbili kwa wiki mdogo wangu alimpeleka hospitali Mikumi kwa mazoezi ya viungo. Alimbeba mgongoni hadi garini, akamkalisha kiti cha mbele, akamfunga mkanda. Kwa hilo simsemi vibaya, alimpenda baba kuliko sisi sote. Lakini baba hakuweza kuufungua ule mkanda mwenyewe. Gari likishika moto dereva anaruka nje, na baba angebaki humo.

Huyo bwana mdogo hakusubiri waya wangu. Alifungiwa hukohuko Mikumi na fundi aliyemkuta barabarani, akarudi jioni, na sisi tukamsikia kabla hajafika. Bati la jirani lilikuwa linatetemeka. Nikafungua boneti bila kumwomba ruhusa. Ulikuwa waya uleule wa plastiki, umetoka kwenye betri mpaka ndani bila fyuzi, bila raba. Nilimtukana, na sijutii hata tusi moja. Akaapa atarekebisha. Baada ya siku kadhaa akaniita nione: kikopo cha fyuzi, cheusi, kinang'aa, kimekaa vizuri karibu na betri. Raba nayo ipo.

"Umeridhika, mkaguzi?"

"Waya je? Ni uleule. Mzee asipande humu mpaka ubadilishwe."

Mama ndiye aliyenikatisha. Alikuwa amesimama mlangoni na shuka la baba mkononi. "Mwanangu, ukimzuia huyu, baba yako atabebwa na nani? Na wewe?" Nikafunga boneti, maana mgongo huo sina.

Tangu siku hiyo moyo wangu haukutulia. Kila gari lilipowashwa uani, niliona taa za mbele zikififia kwa kila pigo la besi, zinarudi, zinafifia tena. Na baba akaanza kukataa kuingia garini. Alishika nguzo ya mlango kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, hataki kuachia. Mdogo wangu akawa anamfungua vidole kimoja kimoja, taratibu, huku anacheka. "Mzee wangu, leo umekuwa mtoto?" Mama alisema anaogopa mazoezi, kwamba wale wa hospitali humnyoosha mpaka anatokwa machozi. Sote tukaliamini hilo, kwa sababu ni kweli mazoezi yalimuuma.

Asubuhi moja walikuwa wametoka muda si mrefu, nami nipo uani nafua. Nikashika soksi ya baba ya mguu wa kulia, aliyoivaa safari iliyopita. Usawa wa kifundo ilikuwa imekakamaa, imeng'aa, na manyoya meusi ya kapeti yameigandia. Nikaipeleka puani. Ile harufu naijua hata usingizini: plastiki ya waya ikiungua.

"Mama, baba ana kidonda mguuni?"

"Kipo kidogo, kiatu kinambana. Nakipaka mafuta. Ule mguu si umekufa, hausikii kitu."

Nguo nikaziacha kwenye beseni. Nikampigia mdogo wangu simu, ikaita mpaka ikakatika, nikapiga tena. Angeisikiaje na ile besi? Nikatoka mbio mpaka barabarani, nikasimamisha bodaboda. "Barabara ya Mikumi, kimbiza!"

"Kuna nini, dada?"

"Baba yangu anaungua."

Niliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu, nililia mgongoni mwa yule kijana nisiyemjua. Ulikuwa msimu wa kuandaa mashamba, watu wanachoma mabua, moshi kila upande. Kila uliponyanyuka mbele yetu nilisema basi, ndilo gari lao. Tunafika, ni shamba. Tunaupita, mwingine huo unapanda. Sijawahi kuiogopa barabara ile kama siku ile.

Tukawakuta Masanze. Nilisikia besi kwanza. Gari limeegeshwa pembeni, injini inaunguruma, vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi. Mdogo wangu yuko nje ananunua nyanya, anacheza cheza mbele ya akina mama wauzaji, nao wanamcheka. Akaniona, wala hakushangaa, alikuwa na furaha zake.

"Dada! Njoo umwone mzee, anacheza!"

Baba alikuwa anapiga kioo kwa kiganja cha kushoto. Paa, paa, paa. Muziki ulikuwa unakwenda kivyake na mkono wake unakwenda kivyake. Uso umelowa jasho, mdomo wazi, na sauti inayomtoka imemezwa na spika.

Nikafungua mlango. Ile harufu ikanipiga usoni. Nikazima swichi, muziki ukakatika, na baba akaendelea kupiga kioo. Nikafungua mkanda, nikapiga kelele, "Mtoe! Mtoe nje sasa hivi!" Mdogo wangu akaangusha nyanya. Tulipouinua mguu wa kulia, uliokuwa umeegemea pale kwenye gia, soksi ilibaki nyuma kidogo kwenye kapeti, ikanyofoka. Baba alipiga ukelele ambao hatukujua bado anao. Kisha mkono wake ukatulia.

Nikaenda kwenye boneti nikachomoa hasi ya betri. Nikafungua kile kikopo kizuri cheusi. Fyuzi hamna. Kulikuwa na kipande cha waya kimekunjwa, kimekazwa mahali pa fyuzi.

"Zilikuwa zinakatika kila mara," mdogo wangu alisema nyuma yangu, polepole. "Fundi akaniwekea hiyo ili isinisumbue."

Nikarudi ndani, nikavuta kapeti. Ule waya mwekundu ulikuwa umelainika, umelala palepale kifundo cha baba kilipokuwa kikiegemea. Nilikuwa na matusi ya kumtosha mpaka uzeeni. Nikageuka nimwanzie, nikamkuta amepiga magoti kwenye vumbi, ameupakata mguu wa baba, anaupuliza kile kidonda. Baba anamtazama.

"Alianza lini kugonga kioo?" nikamuuliza.

"Siku nyingi tu. Tangu wiki ile ya kwanza." Hakuinua uso. "Mimi nilijua anaupenda muziki, dada. Kila akigonga, nilikuwa namwongezea sauti."