Kinasa Sauti Hakiitikii

Naikumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, katika miaka ya tisini, nilipopanda basi kwenda Thamesmead, pembezoni mwa London, na kinasa sauti kipya chini ya koti.

Utotoni kwetu Tabora tulicheza msafara. Sote tuligombea kuwa kirangozi, yule mwenye ngoma aliyewatangulia wapagazi kuingia nchi wasizozijua. Nilipofika London nilisoma maktabani kila nilichokipata juu yao. Vitabu viliwataja Wazungu waliobebewa mizigo. Waliowaonyesha njia hawakuwa na majina. Kumbe Mzee Kasanda, aliyekuja kumtembelea binti yake Pili, muuguzi wa huko Thamesmead, alikuwa mjukuu wa kirangozi. Jungu kuu halikosi ukoko. Lakini kesho yake alikuwa anarudi nyumbani, na kifua chake kilikuwa kibovu.

Nilipoketi mbele yake sebuleni kwa Pili, nikabonyeza kitufe. Nilikuwa nimejionya nisitoe hata mguno, sauti yangu isije ikaichafua kanda. Mzee akaanza: babu yake alifika kwenye mto uliofurika, wapagazi wakagoma kuvuka. Hapo akanyamaza, akanitazama. Nami nikamtazama, kimya kama gogo.

"Pili," akaita, "huyu kijana mgonjwa?"

"Mzima, baba. Anarekodi."

"Basi mashine yake iseme 'enhe'. Nimeshawasimulia watu wa kila namna, maiti bado."

Pili akaangua kicheko huko jikoni. Kwetu msimulizi haongei peke yake. Asiyeitikiwa huona haaminiwi, na akifunga mdomo ndiyo basi.

"Nisamehe, mzee. Nilitaka usikike wewe tu."

"Nisikike na nani, kama wewe uliye hapa hunisikii?"

Nikasogeza kiti. "Enhe, mto umefurika. Ikawaje?"

"Akaingia yeye kwanza, ngoma kichwani!"

"Ngoma kichwani!"

"Haya, sasa niko na mtu."

Akasimulia mpaka kanda ikaisha pande zote mbili, akataja jina la babu yake na majina ya wapagazi aliowakumbuka. Masika hayakumkuta hai. Kanda ninayo, imejaa sauti yangu, na sijafuta hata mguno mmoja.

Mwanangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Ukitaka habari za mashujaa zidumu, usiwe sanduku la kuzitunzia tu. Kuwa mtu wa kuambiwa. Bibi yako akianza kusimulia, mwitikie. Kiswahili kikikukwama, itikia kwa Kiingereza, lakini itikia. Mungu akupe masikio mapana, akujalie wazee wenye pumzi, na uzeeni mwako asikunyime wa kukuuliza, "Ikawaje?"