Mwitaji wa Vyuma

Jeconia hakubeba chuma. Kazi yake ilikuwa kuwaitia wanaobeba. Watu wanane wakiinamia boriti, yeye husimama kando akatazama miguu yao, kisha huita, "Harambee!" Wao huitikia, "Eeh!" na chuma kikaondoka chini kwa pamoja. Hakuna aliyeachilia mpaka aseme, "Tua." Ndivyo tulivyojenga na kubomoa huko Eldoret zamani, tukarudi nyumbani na vidole vyetu.

Mwaka jana alipata kazi ya kubomoa ghala kuukuu la mahindi upande wa Turbo. Msimamizi alikuwa Munene, kijana wa haraka, kama vijana wote wa siku hizi. Alimtazama Jeconia akiita asubuhi nzima, kisha akamwambia, "Mzee, hapa hatuna kwaya. Shika chuma kama wenzako."

Vijana wakacheka. Jeconia alikuwa na kodi ya kulipa ya chumba chake mtaani Langas, akashika.

Kwa kuwa hakuna aliyeita, kila mmoja aliinua alivyojisikia. Walipofika kwenye lori, wa nyuma walidhani kazi imekwisha, wakaachilia. Boriti ikaruka, ikamwangukia Jeconia mguuni. Javan, aliyekuwa ubavuni pake, anasema mzee hakupiga kelele. Alisema tu, "Sijasema tua."

Mguu ulikatwa chini ya goti. Munene alifika nyumbani kumwona na paketi ya unga na sukari, akaongea huku akitazama sakafu: mtu wa magongo hana kazi ya vyuma. Hulda, mke wa Jeconia, alipokea unga. Mumewe aliuliza jambo moja tu, kama wamepata mwitaji mwingine. Hawakuwa wamepata.

Wiki iliyofuata Javan alipondwa kidole. Hapo wabebaji wakaketi chini, wakakataa kugusa chuma mpaka mzee aletwe. Zamani hatukuhitaji kupoteza mguu wa mtu ndipo tujue hilo.

Alikuja kwa bodaboda, magongo mapajani, wakamwekea matofali ya kukalia. Siku hiyo mbebaji mmoja hakufika, basi Munene mwenyewe akashika mwisho wa boriti. Jeconia akaita, wakaitikia, wakafika kwenye lori. Jasho lilimwingia Munene machoni, lakini hakuachilia.

Jeconia akatazama miguu yao, mmoja baada ya mwingine, bila haraka yoyote.

"Tua," akasema.