Minyororo ya Theluji Mtaani Kunduchi

Jumamosi iliyopita, mvua ilipokatika, kenta iliyobeba viti na turubai la harusi ilinasa kwenye tope mtaani kwetu Kunduchi. Matairi yalizunguka bure, na wageni walikuwa wanatarajiwa mchana huohuo. Mama wa bibi harusi alitoka kuangalia.

"Shikamoo, mama," dereva akasema.

"Marahaba. Inatoka haitoki?"

"Gari hii ilikuja na minyororo yake kutoka Japani, kule wanafunga kwenye matairi wakipita kwenye theluji. Ningekuwa nayo, saa hizi tungeshatoka."

"Iko wapi?"

Dereva akakuna kisogo. "Bosi anaitumia kufungia geti la kwake, gari hii isije ikaibiwa usiku."

"Si umpigie ailete!"

"Nimempigia, mama. Anasema niende na gari nikaichukue."

Mama alivuta kanga begani, akaikaza kiunoni, akabeba viti viwili. Sie majirani tukavua viatu, tukamfuata na viti vichwani.

Harusi ilifana. Kenta ililala palepale kwenye tope, bila mlinzi. Na bosi, nina hakika, kabla ya kulala alihakikisha geti lake limefungwa vizuri.