Phulmani na Shairi la Plau

Nakumbuka Ijumaa moja hapa hapa Doha, mwanangu, magoti yangu yakiwa bado yananitii, nilipomsindikiza Phulmani kwenye ukumbi wa washairi wa Kihindi. Phulmani alikuwa mpishi mwenzangu katika nyumba moja kule Al Wukair. Alitoka makabila ya milimani huko India, watu wenye lugha yao wenyewe. Kihindi alifundishwa na masista shuleni, na ndicho alichotungia mashairi, anamenya vitunguu huku midomo inatembea. Mimi nilimwona ana wazimu kidogo. Kihindi cha jikoni nilikuwa nacho, kwa hiyo nilimwelewa.

Kwao mwanamke hagusi plau, lile jembe la kukokotwa na ng'ombe. Akiigusa, wanasema, mvua itawakimbia. Phulmani akiwa msichana, baba yake aliugua wakati wa kulima. Ng'ombe wapo, mvua imenyesha, na mama yake ameketi kando ya shamba analitazama tu mpaka udongo ukakauka. Mwaka ule walikula mizizi ya porini. Hilo ndilo shairi alilotaka kulisoma.

Sasa sikia vituko. Mlangoni tukakuta wanaume wa kwao, wajenzi wa mji mpya wa Lusail. Hao ndio ndugu pekee aliokuwa nao hapa, ndio waliombebea nguo za watoto wake aliowaacha kwao, kila walipokwenda likizo. Mkubwa wao akamwambia, "Dada, ukisoma lile la plau, sisi hatukujui tena. Tayari hawa wenye ukumbi wanatuita washenzi. Usiwasaidie."

Hajajibu, akatokea bwana mwenye shughuli, ananukia manukato mpaka barabarani. "Dada, leo utuchezee ngoma ya msituni, ee? Na maua kichwani! Mashairi mazito tuachie sisi."

Walinichosha wote. Na njaa ilikuwa inaniuma. Nikamvuta Phulmani kando: "Si uwaimbie kawimbo ka maua, tule biriani, twende zetu?"

Akanitolea macho. "Umekuja kunisindikiza au kunizika?"

Nikamshika mkono, nikamwingiza ndani.

Akapanda jukwaani bila ua hata moja, akasoma la mama yake, polepole. Watu wale mstari ukiwapendeza hupaza sauti, "Wah! Wah!" Siku ile ukumbi ulikuwa kimya. Ndugu zake walitoka kabla hajamaliza, na neno lao walilitimiza: hawakupokea simu yake tena. Alilia, ndiyo. Alilia jikoni mpaka nikamnyang'anya mwiko, mchuzi ulikuwa unaungua. Kisha akaanza kutunga jingine.

Na wewe je? Nasikia umefuta shairi la shangazi yako aliyenyimwa shamba, eti binamu zako kwenye grupu wamesema unaaibisha ukoo. Hata kofi hujapigwa! Umetumiwa vikatuni vya kucheka, ukakimbia. Kha!

Nikuambie wazi. Watu wako wapende, wauguze, wapikie, lakini usiwaombe ruhusa ya kusema ulichokiona kwa macho yako. Na wageni wakitaka kuwageuza watu wako pambo la ukumbi, wakatalie vilevile. Utaumia. Andika kwanza, ulie baadaye.

Mungu akupe uso mkavu na moyo laini, akuwekee japo mtu mmoja wa kukusikiliza. Na atakayetaka kukuziba mdomo, mwambie aanze na mimi.