Susu Hakuitika

Kabla sijauona mlima wa Mbooni, niliusikia ukitukataza. Ilikuwa asubuhi, ukungu umeshuka hadi mlangoni, na mimi na mama tulikuwa njiani kwenda kuteka maji, tukifuata mgongo wa mama mmoja jirani. Mara sauti nyembamba zikatoka ndani ya weupe ule: "Wacha! Wacha!"

Mama akasimama ghafla. Akauteremsha mtungi wake. "Niache nini?" akauuliza ukungu.

Yule jirani mbele yetu hakusimama. Aliitika kwa upole, "Aa," akaendelea na safari yake. Kwetu Pwani, "aa" ni hapana. Mama akaninong'oneza, "Watu gani hawa? Mmoja anakataza, mwingine anakataa." Ndipo kicheko cha watoto kikapasuka, na nyuso zao zikajitokeza moja moja, masweta yakinuka moshi.

Ninyi wenzangu mliokulia vilima vile enzi zetu mmeshacheka tayari. Ilikuwa salamu. Mdogo humwamkia mkubwa "wakya", na kwa sikio la mtu wa Pwani hiyo ni "wacha" tupu. Mkubwa naye huitika "aa". Ndiyo shikamoo na marahaba ya Ukambani. Kufikia saa sita mchana, kilima kizima kilikuwa kimempa mama jina jipya: Niache Nini.

Tulikuwa tumemzika baba siku chache kabla. Alizaliwa Mbooni, akaenda Pwani kutafuta kazi, akaoa huko na kunizaa huko. Kila nilipomwomba anifundishe lugha ya kwao alisema, "Tutajifunza tukifika nyumbani, Ndinda." Alifika nyumbani ndani ya jeneza, nasi tukafika nyuma yake bila hata neno moja la kuombea maji.

Nyumbani palikuwa kwa mama yake. Tulimwita susu, kama watoto wote wa huko wanavyowaita bibi zao. Mimi nilikuwa nimepewa jina lake, kwa hiyo nilikuwa wake: alinikobolea muthokoi, yale mahindi ya kutwangwa, kwenye kinu chake mwenyewe, akaniwekea mahindi laini ya juu, akanifunika kwa leso yake baridi ilipozidi. Kwa mama hakuwa na ugomvi wa kelele. Hakumfukuza wala hakumnyima chakula. Alikataa tu kumwitikia. Mama alipiga goti akisema "Shikamoo, mama," na susu akapuliza moto. Majirani walituletea maneno yake: "Mwanangu aliondoka hapa kwa miguu yake. Huyu amenirudishia sanduku."

Na kule, hata mlevi aliyelala mtaroni akiamkiwa huitika. Mtu asiyeitikiwa ni kama hajafika. Mama hakutaka shamba wala mbuzi. Alilitaka neno hilo moja tu.

Shule ya chini ya kilima, kwenye njia ya Kikima, haikuwa na mwalimu wa darasa la kwanza. Mama alikuwa amefundisha Pwani, na wazazi wakakubali kuchanga ili kumlipa. Mnakumbuka madarasa yale? Sakafu ya vumbi tuliyoimwagia maji ya makopo kila asubuhi, viazi vitamu vilivyochemshwa vikipoa mfukoni, mpira wa makaratasi ya nailoni ukingoja mchezo wa kati wakati wa mapumziko. Watoto wale walikijua Kikamba na njaa ya saa nne. Kiswahili walikuwa wakikisikia redioni.

Siku ya kwanza, kijana mmoja mtundu aliyeitwa Mutua alisimama nyuma kabisa. Kiswahili cha redio kilimtosha kwa uchokozi. "Mwalimu, leo umeacha ama bado?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Nilijiinamia, nikingoja fimbo. Lakini mama alikuja akaketi kwenye dawati la mbele, magoti yakimgusa kidevu, akasema, "Bado. Nifundisheni kuacha."

"Sema wakya," Mutua akaamuru.

"Wakya."

"Zii, mwalimu! Unasema kama mtu ana homa!"

Kisha ikawa zamu ya mama kuwafundisha Kiswahili. Baba kwao alikuwa "mbamba", na dawa ilikuwa "ndawa", na mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Mbamba ndiye nani tena? Huyo simjui!" Nao wakacheka naye. Nimesoma chuo cha ualimu, nimehudhuria semina na kula biskuti zake, lakini hakuna aliyewahi kuniambia jambo nililoliona pale: kwamba mwalimu ni mtu aliyekubali kuchekwa kwanza.

Nyumbani hakuna aliyecheka. Jioni tuliketi jikoni sote watatu, nami katikati, Kikamba nikiwa nimekwisha kukiokota kwa watoto wenzangu.

"Ndinda, mwambie mama yako chumvi imezidi," susu alisema kwa Kikamba, ilhali mama yuko pale pale, mkono wake ungeweza kumgusa.

"Mama, susu anasema mboga ni tamu, ila chumvi imezidi kidogo."

"Mwambie kesho nitapunguza."

Kwa kuwa katikati yao nilijifunza kulichukua neno kinywani mwa mtu mmoja na kulifikisha sikioni mwa mwingine bila kumjeruhi. Mpaka leo sijui kazi nyingine. Susu naye, kwa kunisikiliza nikisoma kwa sauti, alianza kuokota Kiswahili chetu. Kuku wakiuvamia unga, aliwafukuza kama mama alivyowafukuza: "Aa! Aa! Aa!" Nilidhani siku ya kumwitikia mama inakaribia. Kila asubuhi mama alisimama mlangoni pa jikoni, akasema, "Wakya, mwaitu," yaani mama yangu. Alilisema vizuri kiasi kwamba wapita njia waliitika kutoka barabarani. Susu alipuliza moto.

Miaka ikapita hivyo, na hatimaye mama akaajiriwa na serikali. Tulifurahi nusu siku. Alikuwa amepangiwa Kitui, ng'ambo ya mto Athi, kwenye ardhi nyekundu ambako ukungu haufiki na punda ndio hujua maji yaliko. Huko nilimwona tena akiketi dawati la mbele, magoti kidevuni. Wakitui nao wana maneno yao, na lafudhi ya Mbooni aliyoihangaikia iliwachekesha upya. "Nifundisheni," akasema. Siku ile nilijua nitakuwa nani.

Susu alifariki kabla ya mvua za mwaka ule. Mama alikwenda mazishini, akarudi na udongo wa Mbooni kwenye viatu, akavipangusa. Nyumba ile sasa ina kufuli lililoliwa na kutu.

Nami nafundisha papa hapa Kitui mjini. Watoto wangu ni werevu, simu wanazijua kuliko mimi, lakini salamu zao hupigwa kwa kidevu, waya umening'inia sikioni. "Niaje, ticha." Juzi mmoja aliniamkia hivyo langoni, nami, kwa mazoea ya zamani, nikamwitikia, "Aa." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ticha, umekataa nini?" Wenzake wakacheka. Nilicheka pia, kisha nikaingia darasani. Sisi tulikuwa na neno la kumwambia mtu kwamba tumemwona amefika. Hawa hata hawajui kwamba kuna kitu wanachoweza kunyimwa.

Mama amestaafu. Anaketi barazani kwangu, maneno yamempungua. Mimi niliyewatafsiria mwaka hadi mwaka, huniomba bado nimtafsirie neno moja tu, na kila mara nashindwa.

Ni la asubuhi tuliyoondoka Mbooni. Ukungu ulikuwa umeshuka tena, gari lililobeba vitanda vyetu likiunguruma njiani. Susu alikuwa amenikumbatia, kisha akaketi kigodani kuelekea moto, mgongo kwetu. Mama alisimama mlangoni na mkoba wake. "Wakya, mwaitu."

Moto ulilia. Dereva akapiga honi. Mama akangoja, honi ikalia tena, akainama kidogo, akauvuta mlango wa mbao hadi komeo likaingia.

"Aa," ikasema sauti ya susu kutoka ndani.

Mama alisimama na mkono juu ya komeo, kama alivyosimama asubuhi ya kwanza. Alinitazama. Ilikuwa ile ya Kikamba, ya kumwitikia aliyefika? Au ile yetu ya Pwani, ya kumkatalia anayeondoka? Nilifungua kinywa, na lugha zangu zote mbili zikaninyima neno. Honi ikalia mara ya tatu. Mama aliuondoa mkono taratibu, tukaingia ukunguni, na nyuma yetu mlango ukabaki umefungwa.